Peugeot 404 ya mwaka 1966 isiyo kamili: ninunue au niiache?

Kijana wa Pongwe (Tanga) anauliza:

Shikamoo wakubwa zangu, na wenzangu habari zenu. Nimesoma mazungumzo yenu kwa muda mrefu bila kuandika neno, lakini leo nina jambo linaloninyima usingizi na naomba ushauri kabla sijatoa fedha.

Karibu na Muheza kuna nyumba ya marehemu mzee mmoja ambaye watoto wake wanataka kusafisha kiwanja, na katika banda la mabati lililoko uani limo gari aina ya Peugeot 404, saluni ya milango minne, ambalo familia inasema ni la mwaka 1966. Lilisimama katikati ya miaka ya 1990, silinda hedi ilipofunguliwa ili kubadilisha gasketi, na fundi aliyeifungua hakurudi tena. Bloku ya injini imo mahali pake, slivu (mitungi ambamo pistoni hupanda na kushuka) ziko wazi zimefunikwa kwa gunia, na hedi yenyewe imelazwa kwenye kiti cha nyuma. Gia boksi na difu, ile inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, zipo. Visivyokuwepo ni kabureta, redieta, kioo cha mbele, kioo cha mlango wa dereva, shoo ya mbele (wavu ulio mbele ya redieta), taa kubwa zote mbili, saa za dashibodi (yaani vipimo vyake), na mabati madogo madogo yanayometa ambayo siwezi hata kuyataja kwa majina. Wanataka shilingi milioni 3 na nusu.

Mimi ni mwalimu. Baada ya matumizi ya nyumbani naweza kutenga kama shilingi 300,000 kwa mwezi, na nina ndugu mwenye uwanja uliozungushiwa ukuta ambako gari linaweza kukaa chini ya paa. Sababu ya kulitaka gari hili na si jingine ni baba yangu, aliyekuwa dereva wa ofisi ya shamba moja la mkonge na aliyeendesha 404 kwa miaka tisa. Hadi anaugua alikuwa bado akitusimulia jinsi Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa kwetu Tanzania, alivyoshinda mashindano ya magari ya Safari Rally kwa 404 mwaka 1966 na kurudia mwaka 1967 akiwa na msaidizi wake garini, Chris Rothwell. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ukitafuta gia ya usukani hata alipokuwa amekaa kwenye kiti sebuleni.

Naomba kujua mambo mawili: je, hii ni kazi ambayo mtu wa kipato changu anaweza kuifikisha mwisho, na nikienda kulikagua tena, niangalie nini?

Mzee Kerezo (Mombasa) anajibu:

Marahaba, mwanangu, na pole kwa baba. Nimetengeneza Peugeot kwa miaka thelathini na moja kabla ya kustaafu, na 404 ndilo gari lililonifundisha kazi, kwa hiyo utaniwia radhi nikiandika kwa urefu.

Kosa la kwanza la mtu anayenunua gari lisilo kamili ni kuhesabu vilivyopo. Anaona injini, anaona gia boksi, anaona milango minne, moyo unafurahi. Wewe hesabu visivyokuwepo, na uvigawe katika mafungu mawili: vile ambavyo fundi wa kerezo (mashine ya kuchongea vyuma) au fundi wa bati anaweza kuvitengeneza upya, na vile ambavyo vilitoka kwenye kalibu ya kiwandani tu. Redieta hainitishi, kwa sababu fundi mzuri atakutengenezea kiini kipya. Kabureta hainitishi pia, kwa maana Solex na Zenith za Peugeot bado zinapatikana kwa wanaouza spea za Peugeot 504, gari lililofuata baada ya 404. Kinachonitisha katika orodha yako ni kioo cha mbele, saa za dashibodi na hayo mabati yanayometa uliyoyataja mwishoni kana kwamba ni madogo. Hayo ndiyo yatakayokula miaka yako. Angalia pia dashibodi yenyewe, kwa sababu 404 za mwanzo zilikuwa na spidomita ndefu ya mlalo na za baadaye zikawekewa saa tatu za duara, na vitu vya dashibodi moja haviingii katika nyingine.

Sasa injini. Hiyo ni injini ya sentimita za ujazo 1618, imelazwa upande kwa nyuzi 45, na slivu zake zinakaa ndani ya maji, yaani maji ya redieta yanazigusa kwa nje na chini zinakalia gasketi nyembamba. Hedi ikishatolewa, hakuna kinachozishikilia slivu isipokuwa uzito wake. Mtu yeyote akizungusha krankshafti, hata kwa udadisi tu, pistoni inaweza kuinyanyua slivu, gasketi ya chini ikaachia, na siku utakapotia maji yakateremka moja kwa moja kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Kwa hiyo usiizungushe injini hiyo hata nusu. Funua gunia, mulika kwa tochi, uangalie kama kuna mstari wa kutu pale pistoni zilipokaa kwa miaka yote hiyo. Ukiukuta usikate tamaa, kwa sababu uzuri wa injini hii ni kwamba slivu na pistoni huuzwa kwa seti na hubadilishwa bila kuchonga bloku. Hedi ndiyo ya kukagua kwa makini zaidi, kwa kuwa ni ya aluminiamu na maji machafu huila kuzunguka matundu ya maji. Pitisha ukucha hapo. Ukucha ukizama, chukua tahadhari.

Difu ya 404 si kama difu za magari mengine uliyoyazoea. Ndani yake kuna skrubu ya chuma inayozungusha gurudumu la bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na madini ya bati, na ndiyo maana hutembea kimya kimya. Chukua ufunguo, fungua nati ya chini, ukinge mafuta kidogo kwenye kifuniko cheupe, kisha uyasogeze juani. Mafuta meusi hayana neno. Ukiona chembe zinazong'aa rangi ya dhahabu, ujue gurudumu linaliwa na bei ishuke sana. Mara nyingi linaliwa kwa sababu mtu alitia mafuta ya kawaida ya difu yenye salfa kali, ambayo ni mazuri kwa chuma juu ya chuma lakini huila bronzi. Zamani kiwanda kiliagiza mafuta maalumu yenye asili ya mbarika.

La mwisho ni bodi. Gari hili halina chesisi ya kujitegemea kama ile ya Land Rover za zamani. Bati ndilo chesisi. Nenda na sumaku ndogo na bisibisi. Sumaku ipitishe kwenye vizingiti chini ya milango, kwa sababu mahali inapodondoka pana pati (ule udongo wa kuzibia mashimo kabla ya rangi), si bati. Bisibisi ibonyeze sakafuni chini ya miguu ya dereva, na zaidi ya yote ndani ya boneti pale shokapu za mbele zinaposhika kwa juu. Sakafu ikitoboka fundi bati ataiziba vizuri. Hapo juu kwenye shokapu pakiwa pameoza, mimi ningerudi nyumbani.

Kuhusu fedha, milioni 3 na nusu ni nyingi kwa gari lisilo na kioo cha mbele. Na ukiona injini ya 1618 imekushinda, usisite kutafuta ya 504 ya sentimita za ujazo 1796. Ni ndugu wa tumbo moja: kipenyo cha slivu ni kile kile cha milimita 84, ila mwendo wa pistoni umeongezwa kutoka milimita 73 hadi 81. Nimeziweka nyingi na magari yametembea.

Binti wa Machame (Moshi) anajibu:

Nakubaliana na Mzee Kerezo katika kila neno isipokuwa hilo la mwisho, na nitaeleza kwa nini, lakini kwanza nikusimulie yaliyonipata ili usiyarudie.

Mwaka 2014 nilinunua 404 iliyokuwa pungufu kuliko hiyo yako. Kwa haraka niliyokuwa nayo niliipeleka gereji moja, ambayo sitaitaja, wakaifumua yote ndani ya wiki moja: milango, viti, waya, breki, hadi vitasa. Nilifurahi nikidhani kazi imeanza. Baada ya miezi mitano fedha zangu zilikwisha, gereji ikahama, na nilichorudishiwa ni bodi tupu juu ya magogo pamoja na mapipa mawili ya bolti na vipande vilivyochanganyika na vya magari mengine. Ilinichukua takribani mwaka mzima kutambua kila kipande ni cha wapi, na vishikio viwili vya kupandishia vioo havikuonekana tena. Gari langu halikuwa pungufu kiasi kile siku nilipolinunua. Mimi ndiye niliyelipunguza.

Kwa hiyo nakusihi, mwalimu: ukilinunua, usifungue hata nati moja kwa miezi ya mwanzo. Piga picha kila pembe, piga picha za waya kabla hazijaguswa, kisha tumia zile 300,000 za kila mwezi kutafuta visivyokuwepo. Anza kufungua pale tu utakapokuwa umepata vile vigumu. Ukianza, fungua sehemu moja, ikamilishe, uirudishe, ndipo uende nyingine. Mimi nilitumia mifuko ya nailoni na vipande vya karatasi nzito vilivyoandikwa kwa penseli, kwa sababu wino hufutika na grisi.

Sasa lile ambalo lingeniokoa kama ningelijua mapema. Tafuta pikapu. 404 pikapu zilitapakaa Afrika Mashariki nzima, zikabeba ndizi na abiria kwa miaka mingi, na hadi leo mabaki yake yamo nyuma ya nyumba za watu huko vijijini. Watu huzidharau kwa kuwa si saluni, lakini sura yake ya mbele ni ya 404: kioo cha mbele, boneti, madigadi ya mbele, taa, shoo. Na zina usukani wa kulia, kama gari lako. Nilinunua moja iliyooza sehemu ya nyuma, nikatoa kioo cha mbele kizima, redieta, na ile feni yake inayoshikwa kwa sumaku ya umeme maji yanapopata joto, ambayo mafundi wengi huifunga moja kwa moja kwa sababu hawakuielewa. Sehemu ya nyuma ya pikapu imeundwa tofauti na ya saluni, kwa hiyo huko usitegemee kupata kitu.

Kuhusu injini ya 504, Mzee wangu, naheshimu uzoefu wako na najua inaingia. Lakini huyu kijana halitafuti gari la kwenda kazini. Analitaka gari ambalo baba yake aliliendesha, na mlio wa ile 1618 iliyolala upande ni sehemu ya gari hilo. Bloku iko mahali pake na slivu zinapatikana. Ningemwomba aiokoe kwanza, na ya 504 iwe ni pale itakapothibitika kuwa bloku imepasuka.

Mimi nilimaliza baada ya miaka sita. Siku ya kwanza kuliwasha, mwanangu aliyezaliwa gari likiwa juu ya magogo ndiye aliyekaa kiti cha mbele.

Mswahili wa Buyenzi (Bujumbura) anajibu:

Ndugu yangu mwalimu, nakuandikia kwa sababu watu wa Tanga na Kigoma hutuulizia vipuri vya Peugeot, na wengine wametumiwa vitu visivyowafaa. Huku kwetu Burundi, kama ilivyo Rwanda na Kongo, tunaendesha upande wa kulia wa barabara na Peugeot zetu za zamani usukani wake uko kushoto. Ukiagiza kutoka kwetu au Ufaransa, agiza bila wasiwasi slivu, pistoni, hedi, kabureta, breki, taa za nyuma, vitasa na kioo cha mbele. Usiagize dashibodi, usukani na boksi yake, pedali, wala mikono ya waipa kabla ya kuuliza ni vya upande gani, kwa maana muuzaji wa Ulaya hatakwambia usipomuuliza. Ukiandikia watu wa L'Aventure Peugeot kule Sochaux, wanaohifadhi historia ya kampuni na kuuza baadhi ya vipuri vya magari ya zamani, taja mapema kabisa kwamba gari lako lina usukani wa kulia. Kwa vitu vya upande wenu, Nairobi katika maduka ya Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, ni karibu zaidi kuliko sisi.

Na usidhani utaleta gari zima lililochakaa ili ulitoe vipuri kupitia Kenya kirahisi, kwani nchi hiyo hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane.

Mfuatilia Kadi (Dar es Salaam) anajibu:

Wenzangu wamesema ya bati na chuma, mimi niseme ya karatasi. Umeandika kwamba mwenye gari ni marehemu na wanaouza ni watoto. Kisheria mali hiyo ni ya mirathi, na mwenye uwezo wa kuiuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si mtoto mkubwa wala yule anayeishi katika nyumba hiyo. Omba uione barua ya mahakama kwa macho yako, na mkataba wa mauziano usainiwe na mtu aliyetajwa humo. Nimeona mtu akitengeneza gari miaka mitatu, na lilipoanza kupendeza akajitokeza ndugu kutoka mbali kudai kwamba hakushirikishwa.

Jambo la pili, gari lililosimama katikati ya miaka ya 1990 bila shaka lina namba ya zamani na halikuhamia katika namba za sasa zinazoanza na T. Hilo linarekebishika, lakini utahitaji kadi ya asili, au taarifa ya polisi ya kupotea kwake, na namba ya chesisi inayosomeka. Kabla ya kulipa, linganisha namba iliyogongwa kwenye bati ndani ya boneti na ile ya kibati, kisha zote mbili na kadi. Piga picha. Halafu mwambie fundi bati na fundi rangi kwamba sehemu hiyo haisuguliwi wala haipakwi pati kwa hali yoyote. Ikifutika, unabaki na gari zuri lisiloweza kuingia barabarani. Nenda TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) na hizo picha kabla ya kulipa.

Kijana wa Pongwe (Tanga) anaandika tena:

Shukrani zangu kwenu nyote hazina kipimo. Jumamosi nilirudi Muheza na sumaku, bisibisi, tochi na kifuniko cheupe cha ndoo.

Sumaku ilishika vizuri kizingiti cha kulia, ila kile cha kushoto ilidondoka mara tatu karibu na mlango wa nyuma. Sakafu chini ya miguu ya dereva ilitoboka kwa bisibisi bila nguvu. Lakini pale shokapu zinaposhika nilisugua vumbi kwa kitambaa mpaka nikaiona rangi ya kiwandani, kijivu kilichoiva, na bati lilikuwa gumu pande zote mbili. Mafuta ya difu yalitoka meusi na mazito. Niliyasogeza juani nikayatazama kwa muda mrefu na sikuona chembe hata moja ya dhahabu. Slivu ya tatu ina mstari wa kutu, nyingine tatu ni safi. Sikuzungusha chochote.

Kilichonishangaza ni hiki. Nilikuwa nimezungumza na watoto peke yao, na safari hii nikaomba nimsalimie mama, mjane wa mzee. Nilipomweleza kwamba ninatafuta taa na vitu vya kumeta, aliniambia nisubiri, akaingia ndani na kutoka na sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda. Marehemu alivitoa mwenyewe visiibwe: taa kubwa mbili zimefungwa katika magazeti, shoo ya mbele, saa tatu za duara za dashibodi, na mabati yote ya pembeni yamefungwa kwa kamba ya katani, kila moja limeandikwa kwa chaki upande wa ndani, kulia au kushoto. Watoto hawakuwahi kujua. Kabureta haikuwemo, wala vioo.

Tumekubaliana milioni 2 na laki 6, lakini sijalipa. Namba zimelingana na kadi, na kadi ipo. Barua ya msimamizi wa mirathi ndiyo haipo, nao wameahidi kwenda mahakamani wiki ijayo. Wakati huohuo, mwanafunzi wangu mmoja ameniambia kuna pikapu ya 404 nyuma ya kinu cha mahindi karibu na Korogwe, na kwamba kioo cha mbele ni kizima ila kina mchubuko wa waipa. Nitaenda kuiona. Mzee Kerezo, nikishapata karatasi, nitalisafirishaje hadi Pongwe? Familia inasema trekta inaweza kulivuta.

Mzee Kerezo (Mombasa) anajibu:

Mwanangu, umenifurahisha, na huyo marehemu ningependa kuwa nimemfahamu.

Trekta hapana. Breki za gari lililolala miaka thelathini zimeshika, na ukilivuta hivyo utaburuta matairi na kuzungusha difu uliyoipunguzia mafuta juzi. Tafuta lori lenye kitanda cha chini. Kabla ya kulisogeza, inua kila gurudumu kwa jeki, fungua drumu, ulegeze brekishuu kwa ndani mpaka gurudumu lizunguke kwa mkono, kisha acha gia katikati ili injini isiguswe kabisa. Kata kipande cha mbao nene, ukipitishie bolti za hedi, ukikaze kwa mkono tu juu ya slivu ili zisinyanyuke lori linaporuka mashimo. Hedi isafiri ndani ya blanketi, uso wake wa chini ukitazama juu.

Katika difu rudisha mafuta yale yale uliyoyatoa. Usiongeze mapya juu yake, kwa sababu kama yale ya ndani ni ya mbarika, hayachanganyiki na mafuta ya kawaida na yataganda kama uji. Likifika Pongwe tutalimwaga lote, tulisafishe, tuanze upya na mafuta yasiyo na salfa inayokula bronzi.

Ukienda Korogwe, nenda na kipande cha kanga laini na maji. Osha mchubuko wa kioo kwanza, kisha upitishe ukucha juu yake. Ukucha usipokwama, kinunue siku hiyo hiyo, na ukate mpira wake kwa wembe kutoka ndani badala ya kukisukuma kwa miguu. Waulize pia kama kabureta bado iko juu ya injini.

Kazi ya slivu ya tatu niachie mimi. Ukishapata barua ya mahakama niarifu, nitapanda basi nije.